Kobe na Mashine ya Kupima Mvuto

Kobe alifukuzwa kazi kwa sababu ya upole wa mguu wake wa kulia. Alikuwa dereva wa gari la kusambaza mikate, na mikate inatakiwa ifike dukani kabla watu hawajanywa chai. Ya Kobe ilifika mizima, hakuna hata mmoja uliobonyea, ila ilifika wakati watu wameshakunywa chai kavu na kwenda zao. Meneja alivumilia miaka miwili. Siku ya mwisho alimwita akamwambia, "Bwana, wewe ni mtu mzuri, sina ugomvi nawe. Lakini nikikuacha hapa, mikate yangu itaota ndevu njiani."

Jina la Kobe alipewa na madereva wenzake, likamganda. Hata mkewe alilitumia siku za hasira. Mimi nilimfahamu alipokuja kwetu idara ya upimaji, ambako nilikuwa mchoraji wa ramani. Mengine katika habari hii niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe, na Kobe si mtu wa kutia chumvi.

Alikaa nyumbani miezi minne. Mkewe alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, na Kobe akawa anashona vifungo. Binti zao wawili, mmoja wa darasa la tatu na mwingine la tano, walikuwa wakirudi shuleni wanamkuta baba yao ameinama chini ya dirisha, sindano mkononi, ulimi nje. Mkewe hakumsema hata siku moja. Kobe anasema hilo ni deni ambalo hajui atalilipaje, maana kusemwa angezoea, lakini kunyamaziwa kulimfanya ashone vifungo kwa bidii hadi vidole vikavimba.

Mkewe ndiye aliyeona tangazo. Alikuwa amepeleka sare kwenye shule moja iliyo jirani na ofisi zetu, akasoma karatasi iliyobandikwa getini. Alirudi nyumbani akasimama mlangoni na kapu lake.

"Baba watoto, kuna watu wanatafuta dereva. Wameandika awe mtulivu, asiye na haraka."

"Wameandika hivyo?"

"Wameandika hivyo. Mimi nimesoma mara mbili nikidhani wananitania. Hawa watu wanakutafuta wewe."

Kesho yake walifika watu watatu. Mmoja alikuwa kijana wa miwani myeusi, aliyewahi kuendesha wakubwa. Wa pili alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Wa tatu ndiye Kobe, na shati lake lililopigwa pasi na wote wanne nyumbani, kila mtu upande wake. Aliyewapokea alikuwa mama mmoja mfupi, umri wa miaka hamsini hivi, viatu bapa, penseli imechomekwa kwenye nywele. Sisi ofisini tulimwita Mama Vipimo. Kazi yake ilikuwa kupima mvuto wa dunia, yaani ile nguvu inayokivuta chini kila kitu, mawe, maji na sisi wenyewe. Watu wengi hudhani nguvu hiyo ni moja kila mahali. Sivyo. Penye mwamba mzito chini ya ardhi dunia huvuta zaidi kidogo, penye mchanga au tundu huvuta pungufu. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, mwili hauwezi kuihisi, ila mashine yake iliihisi.

Mashine hiyo ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa betri ya gari. Ndani yake kuna kijiuzito kinachoning'inia kwenye springi nyembamba, na springi hiyo lazima ikae kwenye joto lile lile usiku na mchana, kwa hiyo kisanduku kilikuwa na betri yake ya kukipasha. Ukiweka mashine chini na kuisawazisha, unachungulia kwenye tundu la kioo, unazungusha kirungu mpaka mstari mwembamba ukae mahali pake, halafu unasoma namba. Adui yake mkubwa ni mtikisiko. Ikigongwa, springi hushtuka, namba zinaruka, na hakuna anayeweza kuzirudisha zilipokuwa.

Mama Vipimo hakuomba vyeti wala barua. Aliiweka mashine kwenye nguzo fupi ya zege iliyo katika chumba cha chini cha jengo letu, akasoma namba, akaipakia garini. Akamwambia kila dereva aende mpaka kwenye machimbo ya kokoto na kurudi, njia mbovu yote, kwa muda wa saa moja. Kila aliporudi mmoja, mama aliishusha mashine, akaiweka tena pale pale kwenye nguzo na kusoma upya.

Kijana wa miwani alirudi kwa dakika arobaini. Namba zilikuwa zimeruka mistari arobaini ya kipimo pia, kama kwamba alikuwa akizihesabu. Dereva wa gari la wagonjwa alirudi kwa saa kasoro kidogo, mistari kumi na saba. Kobe alirudi baada ya saa moja na dakika hamsini. Mama alisoma, akapangusa kioo, akasoma tena. Mistari mitatu.

"Wewe ulikwenda kweli," akamuuliza, "au uliegesha hapo kwenye kona ukalala?"

"Nilikwenda, mama. Hata kokoto hizi hapa kwenye tairi. Ila ulisema saa moja, nimechelewa. Samahani."

"Nani amekuuliza saa?"

Ndivyo alivyopata kazi. Alipofika nyumbani alishindwa kueleza, akakaa kwenye benchi la cherehani akicheka peke yake, mpaka mkewe akamletea maji. Kwa mara ya kwanza tangu ashike usukani, kuna mtu alikuwa amempenda kwa lile lile lililomfukuzisha.

Miezi ya kwanza alidhani kazi yake ni kuendesha tu. Akawa anakaa kwenye gari, mama anapima. Lakini Kobe ana macho, na hayakutulia. Siku moja akauliza kwa nini mama anaandika saa na dakika kila anaposoma.

"Kwa sababu ya mwezi na jua," mama akasema. "Navyo vinatuvuta. Asubuhi vinavuta hivi, mchana vinavuta vile. Lazima nijue nilisoma saa ngapi nipate kuutoa mvuto wao."

Kobe alitazama juu, halafu akatazama kisanduku. "Mashine hii inauona mwezi mchana?"

"Inauona. Tena hata ukiwa upande wa pili wa dunia."

Anasema siku hiyo njia nzima aliendesha akiutafuta mwezi angani. Kesho yake mama alimpandisha ngazi za ofisi. Walipima chini kabisa, halafu wakapima ghorofa ya nne, na Kobe akachungulia mwenyewe kwenye kioo. Namba zilikuwa zimepungua. Mama akamweleza kwamba kila ukipanda unakuwa mbali kidogo na katikati ya dunia, na dunia inakuvuta pungufu. Wakapiga hesabu: mtu mzima akipanda mpaka ghorofa ile anapunguza uzito wa punje kumi hivi za mchele.

Jioni alimweleza mkewe, ambaye ni mama mwenye mwili wake.

"Punje kumi?" mkewe akasema, bila kuacha kushona. "Basi nitafutie chumba ghorofa ya mia tano. Nitashuka nikiwa na kiuno."

Mwaka wa tatu ikaja kazi ya maji. Mji mmoja mdogo, safari ya siku nzima kutoka kwetu, visima vyake vilikuwa vimekauka kimoja baada ya kingine. Chini ya tambarare ile, wataalamu walisema, huenda kuna bonde la mto wa zamani sana, lililojaa mchanga na kufunikwa. Mchanga ni mwepesi kuliko mwamba, na mchanga ndio unaokaa na maji. Kwa hiyo ukipima mvuto tambarare yote, pale namba zitakapopungua kwa mfululizo ndipo bonde lilipo, na hapo pa kuchimba. Mama na Kobe walipewa wiki sita.

Walikuwa wakianzia kila asubuhi kwenye ngazi ya kituo cha afya cha mji ule. Hapo wanasoma namba ya kwanza, kisha wanakwenda vituo vya kupimia kumi au kumi na kimoja, na jioni wanarudi kwenye ngazi ile ile kusoma tena. Namba za asubuhi na jioni zikikaribiana, siku imekuwa salama. Wiki tatu zilikwenda vizuri.

Alhamisi ya wiki ya nne, kituo cha saba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Injini yake ilikuwa inatetemesha ardhi, kwa hiyo mama akaenda kumwomba mwenye mashine aizime kwa dakika kumi. Kobe akabaki kukishusha kisanduku garini, kazi aliyokwisha kuifanya mara mia. Ardhi ilikuwa na pumba zilizomwagika. Mguu ukateleza. Hakuanguka, ila kisanduku kiligonga fremu ya mlango wa gari. Ngo, mara moja.

Akatazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akakipangusa kisanduku kwa mkono, akakiweka mahali pake. Injini ikazimwa, mama akarudi, akachungulia, akasoma, akaandika. Hakuona kitu, kwa sababu kituo kipya hakina namba ya kulinganisha. Kobe alitaka kumwambia. Aliona benchi la cherehani, akaona vifungo.

Jioni, kwenye ngazi ya kituo cha afya, namba zilikuwa zimepishana mistari mia na themanini.

Mama alisoma mara sita. Ijumaa hakwenda popote, aliiacha mashine pale ngazini, akasoma kila nusu saa, na mashine ikawa imetulia kama kawaida. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Springi inayoruka bila sababu ni springi iliyochoka, na springi iliyochoka inaharibu hata namba za wiki zilizopita, maana hujui ilianza kuchoka lini. Jumamosi akamwambia Kobe, "Nafikiri imefika mwisho wake. Jumatatu nitapiga simu ofisini. Itabidi irudishwe kwa walioitengeneza, huko ng'ambo, na hiyo ni miezi minane. Watu hawa watangoja."

Aliongea taratibu, akakifunika kisanduku kwa kanga yake. 

Jumapili asubuhi alimkuta uani mwa nyumba ya wageni, amekaa kwenye kigoda, anasugua viatu vyake kwa brashi. Kobe alisimama.

"Mama, springi haijachoka. Niliigonga mimi."

Brashi ikasimama. "Lini?"

"Alhamisi. Pale kwenye mashine ya kusaga. Ulikwenda kuzungumza na mwenyewe, mimi nikateleza, ikagonga mlango."

"Saa ngapi?"

Kobe alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, hata kwa kilio. Hakuwa amejiandaa kwa swali la saa. "Saa tano na dakika kama kumi. Nilikuwa nimeangalia saa ya garini ili nikutajie."

"Mara moja au mara mbili?"

"Mara moja."

Mama aliingia ndani na kiatu kimoja mguuni, akatoka na daftari. Akaandika mstari mmoja, akaandika saa, akachora duara. Kisha akahesabu kwa penseli. Vituo sita vya kabla ya kugongwa vilikuwa salama. Vilivyoharibika ni vitano tu, kuanzia kile cha saba, na vitano ni kazi ya siku moja. Wiki tatu zote za nyuma zilikuwa hai. Hapo tena mashine haikuwa mgonjwa wa kupelekwa ng'ambo, ilikuwa imejigonga kama mtu anavyojigonga kidole.

Lakini hakumshukuru. Kobe anasisitiza jambo hili kila anaposimulia. Mama alikasirika kwelikweli. Siku mbili nzima alizungumza naye kwa neno moja moja, "simama," "twende," "funga," na maneno marefu akaiachia mashine. Jumatatu walirudia vile vituo vitano, na kwenye mashine ya kusaga Kobe alikibeba kisanduku kama anambeba mtoto mchanga wa mtu mwingine. Siku ya tatu, njiani, mama alisema akitazama mbele:

"Jana nilikuwa na hasira mpaka meno yananiuma. Leo yameacha."

Kobe akapunguza mwendo, akalikwepa shimo.

"Dereva wangu wa kwanza aliigonga kama wewe, akakaa kimya. Nilikuja kujua baada ya ramani kuchapwa. Kisima kilichimbwa pakavu. Watu walichimba miezi mitatu, mdogo wangu. Mitatu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mdogo wangu. Na mimi naweza kuthibitisha habari ya ramani ile, kwa sababu mchoraji wake nilikuwa mimi, na mpaka leo siipendi kuiona. Mama akachukua daftari lililokuwa mapajani mwake, akaliweka juu ya dashibodi upande wa Kobe. "Kuanzia leo unaandika wewe. Mimi nasoma, wewe unaandika. Na siku nikigonga mimi, uandike hivyo hivyo."

Namba zilipofika mezani kwangu, nilizichora kwa wiki mbili. Pakatokea mkanda wa namba ndogo, umepita tambarare yote, umepinda katikati kama kiwiko. Wachimbaji walichimba penye kiwiko. Maji yalitoka mita arobaini na tatu chini, baridi na matamu. Miezi michache baadaye muuguzi wa kituo cha afya, yule ambaye ngazi yake Mama na Kobe waliikalia wiki sita, alituma barua fupi: bomba la chumba cha kujifungulia linatoa maji, na anaomba kujua wale wawili wa kisanduku wanaendeleaje. Barua hiyo Kobe aliiomba, nikampa.

Baada ya hapo Mama Vipimo alianza kumwandikia Kobe barua za kuombea mafunzo ya usomaji vipimo. Ya kwanza ilikataliwa kwa kuwa ameishia darasa la saba. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu aliipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi, akakaa kwenye kiti cha wageni, akasema hana haraka, dereva wake amemfundisha kungoja. Alikaa pale mpaka saa ya kufunga. Ikatiwa sahihi.

Darasani Kobe alikuwa mkubwa kuliko mwalimu. Desimali zilimtoa jasho. Binti zake ndio waliomwokoa, wakati huo mmoja yuko sekondari: walimchorea hesabu kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia vitambaa, na mama yao akiwagombeza kwamba namba zitaingia kwenye sare za watu. Na kweli kuna sketi moja ilikwenda shuleni na sifuri nukta sifuri saba upande wa nyuma. Kobe alifaulu, si kwa kung'ara, alifaulu. Mama Vipimo alipostaafu kwa ajili ya magoti, kisanduku kilibaki mikononi mwa Kobe, na ufunguo wa gari vilevile, maana hakumwamini dereva mwingine.

Mwaka jana walikuja wageni na mashine ya namna nyingine kabisa, imefungwa kwenye masanduku saba. Hii haina springi. Ndani ya bomba lisilo na hewa kuna kitu kidogo chenye kioo, kinaachiwa kianguke, na mwale wa leza unapima kinavyoanguka, halafu kinainuliwa na kuachiwa tena, mara elfu na elfu. Ndiyo inayotoa namba yenyewe ya mahali, bila kuazima kwa kituo kingine, kwani kisanduku chetu hupima tofauti tu kati ya kituo na kituo. Waliifunga juu ya nguzo ya chumba cha chini. Kwa siku tatu korido ilizuiwa, lifti ikasimamishwa, na sisi wa ghorofa ya kwanza tukawa tunatembea na soksi kama wezi.

Namba ya nguzo ile tulikuwa nayo tangu zamani. Mama na Kobe waliileta kwa gari, kituo kwa kituo, kutoka kituo kikuu kilicho mbali, mwendo wa siku mbili, wakaenda na kurudi mara tano. Sasa ilikuwa inakwenda kupimwa na mashine isiyojua upole wala huruma. Kobe siku hizo hakula vizuri.

Siku ya nne mgeni mkuu alitoka chini na karatasi. Aliziweka namba mbili pamoja, ya mashine yake na ya kwetu. Tarakimu saba za mwanzo zilikuwa zile zile. Tofauti ilianzia ya nane. Mgeni akauliza ile ya kwetu ilipimwa kwa chombo gani, akaonyeshwa kisanduku. Akauliza kilisafirishwa na nani. Kobe alikuwa amesimama nyuma ya mlango, nikamvuta shati atoke.

Namba zote mbili nilizinakili kwenye karatasi, pamoja na tarehe ya kipimo chetu cha zamani, na Jumamosi Kobe aliipeleka nyumbani kwa Mama Vipimo, ambaye anaishi na dada yake katika nyumba ndogo yenye baraza la saruji. Jumatatu alikuja mezani kwangu kabla sijavua koti.

"Mama anasema tarehe si sahihi," akaniambia. "Umeandika tarehe tisa. Ilikuwa kumi."

"Aliiona?"

"Alisoma karatasi nzima, mstari kwa mstari, kwa miwani ya dada yake. Akaanza na tarehe."

"Na namba?"

"Namba alizitazama. Alizitazama sana." Kobe akavuta kiti, akaketi. "Nikamwambia ahsante. Miaka kumi na sita niko nayo mdomoni, Jumamosi nikaisema. Akaniuliza, ya nini. Nikasema ya barua tatu. Halafu nikasema na ya zile siku mbili ulizoninunia, maana ungesema si kitu, ningeamini si kitu."

"Akasemaje?"

"Alichukua chungwa akanimenyea. Lote, mpaka na nyuzi zile nyeupe akazitoa. Mimi mtu mzima nina wajukuu, nimekaa pale namenyewa chungwa." Alijisugua macho kwa kiganja. "Dada yake akanifungia mengine sita niwapelekee nyumbani."

Nikatoa karatasi mpya, nikaanza kuandika upya, tarehe kumi. Kobe alisubiri mpaka nikamaliza, akaisoma kwa kidole, akaitia sahihi. Kisha akainuka kwenda chini kutazama betri, kwa sababu wiki hiyo alikuwa na safari ya vituo ishirini na viwili, na alitaka kuondoka mapema.